Lumumba wa Stanleyville: karani mwenye alijifunza mji kwa kusikiliza watu

Leo tunawaletea maisha ya mtu mwenye kila mtoto wa Kongo anajua jina lake. Lakini hatutaanza na hotuba ya 30 Juni 1960, na hatutaanza na kifo chake. Tutaanza mlangoni mwa nyumba, kwa namna mgeni anavyokuja kuuliza watu maswali juu ya maisha yao.

Huku kwetu Kapalata, Kisangani, hayo mambo tunayajua. Siku moja anafika kijana na karatasi, siku ingine anafika mwingine na simu kubwa ya kuandikia. Anasimama mlangoni, anauliza tuko wangapi, paa ni ya mabati ao ya majani, choo iko wapi, tunakula mara ngapi kwa siku. Anaweka alama zake, anasema asante, anaenda. Yeye hatumuoni tena, na majibu yetu hatuyaoni tena. Wachimbaji nao wanajua vilevile. Kwenye machimbo ya dhahabu ao ya almasi, ndani ya msitu wa Tshopo, anafika mtu wa kuhesabu mashimo na kuhesabu vichwa. Haulizi ni nani alifungua ile karyeri, kwa nini njia inapita hapa na haipiti pale, wafu wamelazwa upande gani. Nyuma, ramani inatoka, na juu ya ramani ile sisi hatuko.

Kuko elimu yenye inaitwa jiografia ya watu. Inachunguza namna watu wanavyokaa juu ya udongo: nani anaishi karibu na nani, kwa nini kartye moja inajaa na ingine inabaki tupu, mtu anapita wapi kwa kutafuta chakula. Wenye kufanya elimu hiyo wametafuta kwa muda mrefu namna ingine ya kuuliza, yenye kupita kuhesabu vichwa. Na kazi moja kubwa ya namna hiyo ilifanyika hapa hapa, mji wetu ukiitwa bado Stanleyville, mwaka 1952 na 1953. Ndani ya wale wenye waliisaidia kulikuwa karani mmoja wa posta, kijana wa miaka 27. Jina lake Patrice Lumumba.

Kutoka Onalua mpaka migodi ya bati

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925, kijijini Onalua, katika teritware ya Katako-Kombe, Sankuru. Wazazi wake walikuwa Watetela, watu wa shamba. Jina la kwanza alilopewa ni Élias Okit'Asombo. Baba yake alikuwa Mkatoliki, mtoto akapita kwa masomo ya mapadri na kwa masomo ya wamisionari Waprotestanti. Hakumaliza shule kubwa yoyote. Mambo mengi aliyojua nyuma aliyajifunza peke yake, usiku, kwa taa na kitabu.

Wakati wa vita ya pili ya dunia aliacha Sankuru, akashika njia ya Maniema. Hapa wasomaji wetu wa migodi watamtambua kama ndugu yao: kazi ya makuta ya kwanza kwanza aliipata kwa kompani ya madini, Symétain, yenye ilikuwa inachimba bati upande wa Kalima. Hakuwa ndani ya shimo. Alikuwa kwenye biro, kijana wa kuandika. Lakini mtu wa biro ya mgodi anaona mambo mengi: majina ya wafanyakazi, tarehe za kufika, mishahara, siku za ugonjwa, majina yenye kufutwa. Anaona watu wametoka vijiji mbalimbali, wamepangwa ndani ya nyumba za mstari mmoja, wakianza kusema lugha moja ya kazi. Lugha hiyo, huko Maniema, ilikuwa Kiswahili.

Mwaka 1944 alifika Stanleyville. Wakati ule njia ya kawaida kwa mtu wa Maniema ilikuwa mashua ya mto kutoka Kindu mpaka Ponthierville, yenye leo inaitwa Ubundu, kisha treni mpaka ng'ambo ya kushoto, juu maporomoko yanazuia mashua. Halafu mtu anavuka mto, anaingia mjini. Maelfu waliipita njia hiyo. Wengi walikuja na anwani moja tu kichwani: jina la ndugu, ao jina la mtu wa kijiji chao mwenye alitangulia.

Karani na mji wake

Kwanza alifanya kazi ya ukarani kwenye biro ya teritware. Mwaka 1947 walimtuma Léopoldville kwenye shule ya posta. Alipomaliza alifanya kazi Yangambi, kisha akarudi Stanleyville kwenye posta. Mwaka 1951 alimuoa Pauline Opango.

Posta ya zamani haikuwa mahali pa kupima barua tu. Mama mwenye hajui kusoma anaingia na barua ya mtoto wake. Mzee anauliza kama makuta aliyotumiwa yamefika. Mfanyakazi anataka kutuma kitu nyumbani lakini hajui namna ya kuandika jina la teritware yake. Mwenye kukaa nyuma ya dirisha la posta miaka mitatu ao mine anaanza kujua mji kupita hata polisi: kartye hii inaandikia mkoa gani, watu wa avenyu ile wanatuma makuta wapi.

Lumumba hakutosheka na dirisha. Alisaidia bila mshahara kwenye maktaba ya watu wote, akaandika makala kwa magazeti ya wakati ule, La Croix du Congo na La Voix du Congolais, akasimamia gazeti dogo la watu wa posta, L'Écho postal. Aliingia vyama vingi, vingine akawa rais ao sekretere. Alisema Kitetela, Kifaransa, Kiswahili na Lingala. Mtu wa namna hiyo, ndani ya mji wa makabila mengi, alikuwa na funguo za milango mingi.

Ankete ya mwaka 1952

Mwaka 1952 walifika wachunguzi watatu. Waliletwa na Taasisi ya Kimataifa ya Afrika ya London, kwa kazi yenye UNESCO ilitaka: kujua mambo gani yanapata watu wa Afrika wenye kuhama vijiji na kwenda kufanya kazi mijini na kwenye viwanda. Mmoja alikuwa Valdo Pons. Wa pili alikuwa mwanamke, Nelly Xydias. Wa tatu alikuwa Mfaransa, Pierre Clément.

Waligawana kazi. Xydias alifuata mambo ya kazi: hali ya wafanyakazi, ujuzi wao, namna wanavyofundishwa. Pons alifuata namna mji ulivyokua na namna watu walivyokaa ndani yake. Clément alifuata maisha ya kila siku: ndoa, urafiki, vyama, namna watu wanavyoheshimiana ao wanavyodharauliana.

Walihesabu, ndiyo. Pons alifanya hesabu ya watu kwa nyumba zenye zilichaguliwa katika kartye za Waafrika, zenye majina yao yalikuwa Belge na Bruxelles, majina ya ugenini juu ya udongo wetu. Lakini hawakuishia kwenye hesabu. Pons alichukua avenyu moja, ndani ya kitabu chake inaitwa Avenue 21, akaifuata nyumba kwa nyumba. Alitaka kujua nani anakaa pale, alifika namna gani, anaomba chumvi kwa nani, anagombana na nani, siku ya kilio nani anakuja. Kitabu chake juu ya Stanleyville kilitoka mwaka 1969, na mpaka leo wenye kusoma miji ya Afrika wanakirudia.

Tueleze vizuri kwa nini kazi ya namna hiyo ina faida. Ukihesabu tu, unajua kwamba avenyu iko na Walokele wangapi, Watopoke wangapi, Wababua wangapi. Hujui kama wale watu wanajipanga kwa kabila, ao kwa kazi, ao kwa shule, ao kwa kanisa. Ukikaa nao unaona kwamba mtu mmoja iko Mlokele siku ya ndoa ya dada yake, iko mtu wa posta siku ya mshahara, iko mtu wa avenyu siku moto unashika nyumba ya jirani. Pons aliangalia jambo hilo kabisa: namna kabila, na namna maisha ya kisasa, kila moja lilivyovuta watu kukaa karibu ao mbali. Karatasi ya kuweka alama ingempa neno moja tu kwa kila mtu.

Clément naye alihitaji mtu wa kumuingiza. Mzungu mwenye alitembea peke yake ndani ya kartye ya Waafrika, mwaka 1952, watu walimuona kama mtu wa serikali. Mbele yake walisema ndiyo kwa kila swali, halafu wakafunga mlango. Lumumba akawa msaidizi wake na rafiki yake. Urafiki huo Clément hakuusahau. Mwaka 1962, Lumumba akiwa ameisha kuuawa, aliandika ndani ya jarida Présence Africaine makala nzima juu ya huyo Lumumba mwenye alimjua Stanleyville kati ya 1952 na 1953, mbele ya siasa.

Hapa tutue kidogo. Watu wengi wanafikiri msaidizi wa ankete ni mtafsiri tu, mtu wa kugeuza Kiswahili kuwa Kifaransa. Sivyo. Msaidizi njo mwenye anajua kwamba kwa nyumba hii unaanza na salamu ya mzee, na kwa nyumba ile unaanza na pole, juu wamepoteza mtoto. Anajua swali gani halina haya na swali gani litavunja urafiki. Anajua kukaa kimya. Majina ya wasaidizi hayatoki mara nyingi mbele ya kitabu, lakini bila wao kitabu hakuna. Lumumba alipita pande zote mbili: yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wa kuchunguzwa, karani Mwafrika wa Stanleyville, na tena alikuwa mwenye kuchunguza. Ni wachache wenye walipata nafasi ya kuangalia mji wao kwa macho mawili hivyo.

Matokeo ya ile kazi yalitoka mwaka 1956 ndani ya kitabu kikubwa cha UNESCO juu ya miji na viwanda vya Afrika kusini ya Sahara. Hatutasema kazi ile ilikuwa safi yote. Ilifanywa chini ya utawala wa Wabelgiji, kwa ruhusa yao, na kitabu kilisomwa London na Paris mbele ya kusomwa na watu wa Avenue 21, kama kiliwafikia. Lakini kazi ile iliandika kwa urefu kwamba kartye ya Waafrika ilikuwa mji wa kweli, wenye desturi zake na akili yake.

Wale wa kuhesabu makanya

Kulikuwa na namna ingine ya kuingia nyumba ya Mwafrika wakati ule, na Lumumba aliijua vilevile. Serikali ilikuwa imeweka karte mbili kwa wale wenye waliitwa evolue. Ya kwanza, ya mwaka 1948, ilikuwa karte ya sifa za uraia. Ya pili, imatrikulasio, ilipangwa kwa amri ya mwaka 1952, na ilipaswa kumpa Mwafrika haki karibu na haki za Mzungu mbele ya sheria.

Kwa kuipata, mtu alichunguzwa. Wajumbe walifika nyumbani. Waliangalia kama kuko meza, makanya na visu, kama bibi anakula pamoja na bwana yake, jikoni iko namna gani, choo ni safi, watoto wanalala wapi, vitabu gani viko ndani. Waliuliza maswali juu ya ndoa, juu ya makuta, juu ya mawazo. Bibi wa nyumba alisimama pembeni akiangalia wageni wanafungua milango yake.

Ile nayo ilikuwa ankete. Iliingia ndani kabisa, kupita hata ile ya Clément. Lakini haikuja kujifunza kitu. Jibu walikuwa nalo tayari: nyumba ya Ulaya. Walikuja kupima ni umbali gani nyumba ya Mwafrika inabaki nyuma ya ile. Lumumba aliomba, wakamkataa mara ya kwanza, akadai tena, na mwaka 1954 akaipata. Katika nchi nzima, wenye kuipata hawakupita mamia machache.

Tunaweka hizi ankete mbili moja kando ya ingine, juu zilifanyika ndani ya mji mmoja, karibu miaka ileile, na mtu mmoja alizipita zote mbili. Wa kwanza walikaa chini na kuuliza watu wanaishi namna gani. Wa pili walisimama na kuuliza kama watu wanaishi namna inavyotakiwa. Leo pia, mgeni akifika Kapalata ao kwenye karyeri, mtu anaweza kujiuliza anasikia harufu ya wa kwanza ao ya wa pili.

Na karte ile ilikuwa na bei yake. Kuishi kama evolue, nguo, vitabu, wageni, vyama, masomo ya watoto, kulipita mshahara wa karani Mwafrika, wenye ulikuwa mdogo sana mbele ya ule wa Mzungu wa kazi ileile. Mwaka 1956, alipotoka safari ya Ubelgiji, Lumumba alikamatwa juu ya makuta ya posta, zaidi ya faranga 100,000, yenye alichukua. Alikubali kosa lake. Wenzake walichanga kwa kurudisha. Alihukumiwa, akafungwa, akatoka mwaka 1957. Hatufichi jambo hilo. Mtu mwenye tunampenda alikosea, akalipa.

Buloko ilimpa wakati wa kuandika. Kitabu chake, Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé?, kilitoka mwaka 1961 tu, akiwa amekufa. Ndani yake hajawa bado mtu wa uhuru wa haraka. Anaandika juu ya mishahara, masomo, udongo, uhusiano wa Weusi na Weupe. Ni mambo ya mtu mwenye alisikiliza avenyu nyingi kabla ya kupanda jukwaani.

Mbio za miaka mitatu

Nyuma ya buloko alienda Léopoldville, akauza bia Polar. Huko pia hakuuza kwa kukaa bironi. Alizunguka baa na kartye zote za mji, akajua majina, akajulikana. Mwezi wa Oktoba 1958 akawa mmoja wa waanzilishi wa chama MNC. Desemba mwaka ule alikwenda Accra, kwenye mkutano wa watu wa Afrika. Chama kilitaka Kongo moja, bila kugawanywa kwa kabila. Mtu mwenye aliona kartye ya Stanleyville, ambapo makabila kumi yanachota maji kwenye bomba moja, hakuhitaji mwalimu kwa jambo hilo.

Mwisho wa Oktoba 1959 alirudi Stanleyville kwa mkutano wa chama. Vurugu ikatoka, watu walikufa, naye akakamatwa. Januari 1960 alihukumiwa miezi sita, akapelekwa buloko ya Jadotville, Likasi ya leo, ndani ya nchi ya shaba. Siku chache tu, kisha wakamtoa kwa kumpeleka Bruxelles kwenye mazungumzo ya uhuru. Mwezi wa Mei chama chake kikapata viti vingi kuliko chama kingine chochote, na Stanleyville ikawa ngome yake. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru, yeye akiwa Waziri Mkuu, umri miaka 34, bado siku mbili afikishe 35.

Yenye yalifuata mnayajua. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, na utajiri wa migodi ulikuwa katikati ya ugomvi. Septemba akaondolewa. Akawekwa chini ya ulinzi ndani ya nyumba yake. Tarehe 27 Novemba akatoroka, akielekea mji wake, Stanleyville. Njiani watu walimjua, wakamzunguka, akasimama kusema nao. Wenzake walimsukuma aendelee. Alishikwa kwenye mto Sankuru, upande wa Lodi, katika mkoa wake wa kuzaliwa. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Élisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku uleule wote watatu wakauawa porini, upande wa Shilatembo. Maiti zao zilifukuliwa na kuyeyushwa ndani ya asidi ya salfa, ile yenye watu wa shaba wanaijua kwa kazi. Hakuna kaburi lilibaki. Jino moja tu, lenye polisi mmoja Mbelgiji alichukua.

Kukusanya maisha yenye yalitawanywa

Mtu mwenye hana kaburi anaweza kupotea mara mbili. Serikali moja inamtukana, ingine inamfanya sanamu, na maisha yake ya kweli yanaenda na wazee wenye walimjua. Hapa tena namna ile ya kuuliza kwa kukaa chini ilisaidia. Profesa mmoja Mbelgiji, Benoît Verhaegen, alifundisha miaka mingi Kongo na hapa Kisangani. Alikusanya historia za maisha ya watu wa kawaida. Kitabu kimoja, cha mwaka 1990, ni juu ya wamama wa Kisangani na vita yao ya kila siku kwa kuishi. Yeye na Jean Omasombo walitafuta vilevile ujana wa Lumumba: karatasi za serikali upande mmoja, na upande mwingine maneno ya watu wenye walisoma naye, walifanya kazi naye, walikaa jirani naye. Kitabu kilitoka mwaka 1998. Bila hiyo kazi, mambo mengi ya Onalua, ya Kalima na ya posta yasingejulikana.

Leo wanajiografia wameongeza njia zingine, na si vigumu kuzielewa. Kuko kuhoji kwa kutembea: mchunguzi hakai mezani, anafuata mwenyeji kwenye njia yake ya kila siku. Akimfuata mama muuza sombe kutoka Kapalata mpaka soko, ataona mahali maji yanajaa, mahali anapumzika, mahali anageuza njia juu ya woga, na kule toleka inaongeza bei. Mezani mama huyo angesahau nusu, juu kwake ni mambo ya kawaida.

Kuko ramani ya mkono. Watu wanachora mahali pao wenyewe, kwa biki ao kwa kijiti juu ya udongo. Mpe mchimbaji na bibi yake kila mmoja karatasi, wachore karyeri ileile. Mchimbaji ataanza na mashimo na njia ya mawe. Bibi ataanza na mto wa kuoshea, duka la deni, nyumba ya mkunga, mahali mtoto asipite peke yake. Ni karyeri moja, na ramani zote mbili ni za kweli. Mwenye anataka kuhamisha watu pale anapaswa kuziona zote mbili. Kuko tena kupatia wakaaji mashini ya picha, wapige yenye wao wanaona ni ya lazima, kisha waeleze kwa nini.

Njia hizi hazifukuzi hesabu. Hesabu inasema nyumba mia zitavunjwa. Historia za maisha zinasema ndani ya zile nyumba mia kuko mjane mwenye anaishi kwa deni la jirani wawili, na ukimtupa mbali na jirani hao umemuua bila kumgusa.

Kwa watu wa migodi jambo hili linagusa tumbo. Sheria ya madini ya 2002, yenye ilirekebishwa mwaka 2018, inadai kompani ifanye mapatano ya maendeleo na wenyeji, na itoe sehemu ya mauzo yake, 0.3 kwa mia, kwa ajili yao. Mapatano hayo yanatoka wapi? Yanatoka kwenye majibu ya maswali. Kama walikuja kuhesabu makanya, mtapata makanya. Kama hakuna mwenye aliuliza wamama maji wanayachota wapi, kisima kitachimbwa mbele ya nyumba ya chefu.

Kwa hiyo mgeni wa ankete akifika, tumpokee vizuri, ni mgeni. Tumpe kiti. Akikataa kukaa, hiyo tayari ni alama. Tumuulize ametumwa na nani, karatasi zinaenda wapi, na siku gani atarudi kutusomea yenye aliandika. Tumwambie twende tukutembeze. Na kijana wetu mwenye ataajiriwa kuwa msaidizi wake, ajue kwamba kazi hiyo si ndogo. Karani mmoja wa posta aliifanya ndani ya mji huu, akatoka pale akijua watu wake.

Mwezi wa Juni 2022 jino la Lumumba lilirudi Kongo. Mbele ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30, lilipitishwa kwao Sankuru, lilipitishwa hapa Kisangani, lilipitishwa Katanga mahali alipouawa. Ilikuwa karibu njia ya maisha yake, kijiji, mji, mgodi. Wazee wenye walimuona kwa macho, kwenye dirisha la posta ao kwenye mkutano wa 1959, wamebaki wachache sana. Na wazee wenye wanajua nani alifungua karyeri zetu, nani alijenga ya kwanza kwenye avenyu yetu, nao hawatakaa milele.

Basi jioni hii, mwenye ana mzee nyumbani achukue kaye ya mtoto na biki. Akae karibu naye. Amuulize alifika namna gani, kwa njia gani, nani alimpokea. Aandike vile mzee anasema, bila kumkata.